Nyumba ya Pili Kutoka Mfereji

Tulifika Nakhal saa tatu, jua limekwisha kukasirika.
Shangazi Ghaliya alikataa fimbo.
Alizihesabu ngazi za ngome kwa sauti
kama mtu anayedai deni lake.

Mkata tiketi, kijana wa kanzu nyeupe,
aliisikia hesabu ile akainua uso:
"Mama, ya ishirini na saba imevunjika, angalia."
Kwa Kiswahili. Cha Bujumbura, cha kuburuta kidogo mwishoni.
Walisalimiana pale hadi wakasahau pesa:
huyu Wete, yule Buyenzi kwa mama yake,
na mimi, mzaliwa wa Ruwi, nimesimama kati yao
kama mgeni aliyekuja na lugha ya kuazima.

Alituonyesha chumba cha tende.
Sakafu ina migongo kama bati,
na vijifereji kati ya mgongo na mgongo.
Magunia yalipandana hadi darini,
la juu likimkamua wa chini yake,
na asali nyeusi ikatiririka yenyewe gizani, mtungini.
"Ya watoto," alisema, "na ya wagonjwa. Na ya vita."
Akanyosha kidole juu ya lango:
tundu, refu, jembamba.
Humo ilimwagwa ikichemka.

Shangazi alilitazama lile tundu muda mrefu.
"Basi mtu afe kwa utamu,
na nzi wamfuate hadi kaburini."
Kijana alicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mizinga nimeisahau. Mazulia pia.
Kuta zimepigwa plasta mpya,
na ngome iliyopakwa vizuri haikwambii kitu.

Kilichotuleta kilikuwa mbele, juu ya Wadi Mistal,
ambako lami inaishia ghafla
kama maneno ya mtu aliyesinzia.
Babu yake alitoka huko. Hakuacha hati.
Aliacha maelekezo,
yakapita mdomo kwa mdomo, Pemba, miaka mia na kitu,
katika duka la nguo, katika matanga, katika ugomvi wa urithi:
*nyumba ya pili kutoka mfereji, yenye mzabibu.*

Mundhir aliegesha gari chini ya mkunazi.
Kijiji kipya kiko ng'ambo, kina umeme na madishi.
Cha zamani wameachiwa mbuzi.
Udongo wa kuta unarudi udongo, bila haraka,
na mlango mmoja umebaki wima peke yake,
umefungwa kwa kufuli,
pembeni mwake hakuna ukuta.

Tuliufuata mfereji. Maji bado yapo,
yanapita penye magofu kwa adabu
yakiwahi mashamba ya wenye uhai.
Nyumba ya kwanza: rundo.
Ya pili: rundo.
Ya tatu ina dirisha na nusu ya dari.
Lakini kuhesabu kuanzia wapi, babu?
Kwa juu, maji yanakoingia, au kwa chini?
Hilo hukusema.

Na mizabibu! Kila gofu lina wake.
Hakuna aliyeipogoa tangu wenyewe washuke;
imepanda, imejisokota, imeyakumbatia mawe,
na kuta nyingine, naapa,
zimesimama kwa sababu ya mzabibu tu.

Shangazi alinyamaza. Nikatafuta kitambaa mkobani.
Yeye akachuma zabibu tatu, kila ukuta moja,
akazionja kwa zamu, macho kafumba,
kama mpishi anayepima chumvi.
"Hii kali.
Hii kali.
Hii, lo!"
Uso ukamkunjamana wote.
"Ndiyo hii. Ukoo wetu mzima una gubu."

Akatema mbegu kiganjani. Nne.
Akazifunga ndani ya tiketi ya Nakhal
ambayo mpaka leo hatujailipia.
Nikamuuliza atazipanda wapi,
Ruwi kwetu ni saruji na viyoyozi.
"Nani kasema kupanda?"
Akaipiga fundo tiketi ile kwenye pindo la kanga
lililofichwa ndani ya abaya,
pamoja na pesa za sadaka,
akatangulia kushuka, akihesabu.